Saratani ya titi na jeni za kurithi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa kwa sauti ya chini. Mara nyingi anayeuliza ni binti aliyetoka kumzika mama yake, au mwanamke aliyeambiwa ana uvimbe na hapo hapo akawakumbuka mama wadogo wawili waliougua kabla yake. Majibu yapo, na mengi yana matumaini kuliko watu wanavyodhani.

Je, saratani ya titi hurithiwa?

Saratani yenyewe hairithiwi. Kinachorithiwa ni hitilafu katika jeni, na hitilafu hiyo hudhoofisha ulinzi ambao mwili unao dhidi ya saratani. Mtu anaweza kuwa nayo tangu kuzaliwa, akazeeka nayo, asiugue kamwe.

Tena saratani nyingi za titi hazina asili hiyo. Zinazotokana na hitilafu moja kubwa iliyorithiwa ni kama asilimia 5 hadi 10 ya zote. Zilizobaki huanza na mabadiliko yanayojitokeza ndani ya seli za titi miaka inavyokwenda. Kwa hiyo mwanamke ambaye ukoo wake hauna mgonjwa hata mmoja naye anaweza kuugua. Akigusa uvimbe asijifariji kwa kusema "kwetu hatuna ugonjwa huo". Aende akapimwe.

Hayo mabadiliko ya jeni ni kitu gani hasa?

Mwili wa binadamu una jeni kama 20,000 zinazoagiza protini, na kila moja ni agizo lililoandikwa ndani ya DNA, yaani maandishi ya kurithi yaliyomo katika seli, kwa herufi nne tu: A, C, G na T. Seli inapogawanyika, maandishi yote hunakiliwa. Kunakili huko hakukosi makosa.

Makosa mengine hayana athari. Ukiandika "baiskeli" na mwenzako akaandika "baisikeli", msomaji anaelewa kitu kile kile. Lakini chukua neno "funga", liongezee herufi moja, upate "fungua". Herufi moja imegeuza amri kuwa kinyume chake, na aliyeambiwa afunge mlango sasa anaufungua. Jeni nazo ni hivyo. Isitoshe, seli husoma herufi za jeni tatu tatu. Mbili zikidondoka, kila kinachofuata husomeka ovyo, na protini inayotengenezwa hukatika kabla haijakamilika. Hitilafu nyingi zenye madhara za BRCA1 na BRCA2, jeni mbili zinazotajwa sana katika saratani ya titi ya kurithi, ni za namna hiyo.

Kuna mabadiliko ya kuzaliwa nayo na kuna ya ukubwani. Ya ukubwani hukaa pale yalipotokea, tuseme katika seli za titi la kushoto, na hayarithishwi kwa watoto. Ya kuzaliwa nayo yalikuwamo ndani ya yai au mbegu iliyokutengeneza, hivyo yamo katika kila seli yako, iwe ya ngozi, ya damu au ya mate. Ndiyo sababu tone la damu la mkononi linaweza kueleza habari za titi.

BRCA1 na BRCA2 hufanya kazi gani?

Kwanza tusahihishe usemi mmoja. Watu husema "fulani ana jeni ya BRCA" kana kwamba jeni hiyo ni ugonjwa. Kila binadamu anazo, mwanamke na mwanamume, na ni jeni za kulinda. Tatizo ni kuwa na nakala iliyoharibika.

DNA ni nyuzi mbili zilizosokotana kama kamba. Kila siku kamba hiyo huumia kwa sababu nyingi, baadhi zikiwa shughuli za kawaida za seli. Jeraha baya kuliko yote ni nyuzi zote mbili zinapokatika mahali pamoja. Protini za BRCA1 na BRCA2 ni miongoni mwa mafundi wanaounga kamba hiyo kwa uangalifu, wakisoma kutoka kwenye nakala pacha ambayo haijaharibika ili maneno yarudi yalivyokuwa. Mafundi hawa wasipokuwepo, seli hutumia njia nyingine ya kuunganisha ncha haraka haraka, na herufi hupotea. Makosa hulundikana, hadi siku moja seli inaanza kugawanyika bila kusikiliza amri ya kuacha.

Kila mtu ana nakala mbili za kila moja ya jeni hizi, moja ya baba na moja ya mama. Nakala moja nzima inatosha kufanya kazi. Aliyerithi nakala mbovu amebaki na moja tu, kama dereva aliyeanza safari ndefu bila tairi la akiba. Anaweza kufika salama. Lakini ile moja ikiharibika katika seli fulani, seli hiyo haina tena fundi. Wazo hili la mapigo mawili lilitolewa mwaka 1971 na Alfred Knudson, alipokuwa akichunguza saratani ya macho ya watoto, na hadi leo linaeleza vizuri kwa nini saratani ya kurithi hujitokeza mapema. Wengine wanahitaji mapigo mawili. Mwenye hitilafu alizaliwa na moja tayari.

Iligunduliwaje?

Daktari Mfaransa Paul Broca aliandika mwaka 1866 juu ya ukoo wa mke wake, ambamo wanawake wa vizazi kadhaa walikuwa wamekufa kwa saratani ya titi. Aliona kwamba haikuwa bahati mbaya tu, ila hakuwa na njia ya kuthibitisha. Miaka zaidi ya mia ilipita. Mwaka 1990 mwanasayansi wa Marekani Mary-Claire King alionyesha kwamba katika koo zenye wagonjwa wengi kuna kitu kinachorithiwa katika kromosomu ya 17 (kromosomu ni vifurushi vya DNA ndani ya seli), jambo ambalo wenzake wengi walikuwa wamelitilia shaka. Mwaka 1994 jeni yenyewe, BRCA1, ilipatikana. BRCA2, iliyoko kromosomu ya 13, ilifuata mwaka 1995 kwa kazi ya kundi la Michael Stratton huko Uingereza.

Nikiwa na hitilafu ya BRCA, hatari yangu ni kiasi gani?

Mwaka 2017 yalitolewa matokeo ya utafiti uliofuatilia karibu wanawake 10,000 wenye hitilafu hizi. Kati ya wanawake 100 wenye hitilafu ya BRCA1, 72 hukadiriwa kupata saratani ya titi kufikia umri wa miaka 80. Kwa BRCA2 ni 69. Kwa kulinganisha, mwanamke wa kawaida nchini Marekani hatari yake ya maisha yote ni kama 13 kati ya 100.

Saratani ya ovari, viungo vya mwanamke vinavyotoa mayai, inasahaulika, na haistahili kusahaulika. Utafiti huo ulikadiria 44 kati ya 100 kwa BRCA1 na 17 kwa BRCA2, wakati kwa wanawake kwa jumla ni zaidi kidogo ya mmoja kati ya 100. Hii ni saratani inayojificha tumboni na mara nyingi huonekana ikiwa imeshasambaa.

Soma namba hizo kwa utulivu. Hazisemi kwamba leo una nafasi 72 kati ya 100 ya kuugua. Ni hatari iliyotandazwa katika maisha yote. Kwa BRCA1 hupanda kasi kuanzia miaka ya thelathini, kwa BRCA2 huchelewa kidogo. Nazo hutofautiana kati ya ukoo na ukoo, na hata kulingana na mahali hitilafu ilipo ndani ya jeni. Na 28 waliobaki kati ya wale 100 hawapati saratani ya titi. Watu hao wapo, ni mashangazi na mabibi waliozeeka na hitilafu ile ile bila kujua.

Mgonjwa alikuwa shangazi yangu, dada wa baba. Hiyo inanihusu?

Inakuhusu kabisa, na laiti swali hili lingeulizwa katika kila chumba cha daktari.

Kosa hili ni la siku nyingi. Mwanamke anaulizwa, "Mama yako aliwahi kuugua?" Anajibu hapana, fomu inafungwa. Baba hatajwi, kana kwamba mtoto alizaliwa na mama peke yake. Ukweli ni kwamba nusu ya jeni zako zimetoka kwa baba, na hitilafu ya BRCA hupita kwake kwa uzito ule ule inaopita kwa mama. Baba mwenye hitilafu humrithisha kila mtoto, wa kike au wa kiume, kwa uwezekano wa nusu kwa nusu. Ni kama kurusha sarafu, na kila mtoto hurushiwa ya kwake. Dada yako kuikosa hakukuongezei wala kukupunguzia wewe.

Ugumu uko hapa: wanaume wengi wenye hitilafu hawaugui, kwa hiyo inaweza kupita kimya. Bibi mzaa baba aliugua, akazaa wana watano na hakuzaa binti. Wana hao wote wako wazima. Kwa macho ya watu ugonjwa umekwisha. Kisha mjukuu wa kike anashika uvimbe akiwa na miaka 34, na familia inashangaa umetoka wapi. Watu husema hitilafu "imeruka kizazi". Haikuruka. Ilipita kwa baba, ambaye hakuonyesha dalili. Jeni ambayo baba hakuirithi haiwezi kufika kwa mtoto kupitia kwake.

Wanaume wenyewe wako salama?

Hapana. Mwanamume ana tishu ya titi, ingawa kidogo. Kati ya wagonjwa wote wa saratani ya titi, wanaume ni pungufu ya mmoja kwa 100, lakini mwanamume mwenye hitilafu ya BRCA2 hatari yake ya maisha hufikia kama asilimia 7. Saratani ya tezi dume nayo huongezeka, hasa kwa BRCA2, na huwa ya aina kali inayoanza mapema. Saratani ya kongosho huongezeka pia, kwa wanaume na wanawake. Mwanamume yeyote aliyepata saratani ya titi anapaswa kupimwa jeni, hata kama hajui mgonjwa mwingine katika ukoo.

Ni BRCA tu?

Zipo nyingine. PALB2 hushirikiana na BRCA2 katika kuunga DNA, na hatari yake huikaribia. CHEK2 na ATM huongeza hatari kwa kiwango cha kati. TP53 ni nadra lakini nzito: familia zake hupata saratani za aina nyingi, hata utotoni. PTEN, STK11 na CDH1 nazo ni nadra. CDH1 huambatana na saratani ya tumbo pamoja na aina ya saratani ya titi inayoanzia kwenye vitezi vya maziwa. Siku hizi maabara nyingi hupima jeni hizi zote kwa pamoja, na mimi naona ni vyema, kwa sababu ukoo hauji na jina la jeni usoni.

Dalili gani katika ukoo zinapaswa kunishtua?

Umri, kuliko idadi. Mgonjwa mmoja wa miaka 32 ananena mengi kuliko wawili wa miaka 75. Baada ya umri, tazama saratani ya ovari kwa yeyote, saratani ya titi kwa mwanamume, mtu mmoja kuugua matiti yote mawili, au saratani za titi, ovari, kongosho na tezi dume kuonekana upande mmoja wa ukoo. Aina ya saratani ya titi isiyo na vipokezi vitatu (sehemu za seli zinazopokea homoni na ishara nyingine za kukua), ambayo madaktari huiita hasi tatu, nayo huhusiana na BRCA1, hasa ikimpata mwanamke kijana.

Ukoo mdogo hudanganya. Kama mama alikuwa mtoto pekee wa kike na bibi alifariki mapema kwa ajali, ukimya wa ukoo huo hauna maana ya usalama. Na sababu za vifo vya zamani mara nyingi husimuliwa nusu nusu. "Tumbo lilimvimba" inaweza kuwa ovari. Waulize wazee wangali hai, na andika.

Katika familia, nani apimwe kwanza?

Aliyeugua, ikiwa yu hai na ameridhia.

Watu wengi hufanya kinyume. Binti mzima anapimwa, anaambiwa hakuna kilichoonekana, anarudi nyumbani akishangilia. Lakini kama haijulikani mama yake ana hitilafu gani, jibu hilo halina uzito mkubwa. Huenda mama ana hitilafu ambayo binti hakuirithi, na hapo binti kweli amepona. Huenda pia ukoo una tatizo ambalo kipimo hakijui kulitafuta. Akipimwa mama kwanza na hitilafu ikajulikana, binti atatafutiwa hiyo hiyo. Asipokuwa nayo, hatari inayotokana nayo haimhusu, yeye wala watoto wake kupitia kwake.

Kipimo kinafanywaje, na majibu yanasomwaje?

Ni damu au mate tu, basi. Kazi kubwa ni mazungumzo na mshauri wa jenetiki au daktari anayejua fani hii, kabla ya kupima na baada ya majibu.

Majibu huja kwa namna tatu. Hitilafu yenye madhara imeonekana. Au haikuonekana. Au limeonekana badiliko ambalo maana yake haijajulikana, na hili ndilo huwasumbua watu kuliko yote. Maana yake maabara imekuta herufi tofauti, lakini haina ushahidi wa kusema kama ni "baisikeli" au ni "fungua". Mengi ya mabadiliko hayo baadaye hubainika kuwa hayana madhara. Kwa hiyo usikubali kuondolewa titi kwa sababu ya jibu la aina hii peke yake, na ndugu zako wasipimwe kwa ajili yake. Rudi baada ya mwaka mmoja au miwili uulize kama tafsiri imebadilika.

Watu wenye asili ya Afrika hupata jibu hili mara nyingi zaidi, na sababu si miili yao. Sababu ni kwamba hifadhi za takwimu zimejengwa zaidi kwa damu ya watu wa Ulaya. Hali imeanza kubadilika. Utafiti uliotolewa mwaka 2018 kuhusu wagonjwa 1,136 wa saratani ya titi nchini Nigeria ulikuta hitilafu za kurithi kwa asilimia 14.7 kati yao, BRCA1 ikiongoza kwa asilimia 7. Hili si gonjwa la Wazungu, na wanaolisema hivyo wanawaumiza mabinti zetu.

Tahadhari na vipimo vinavyouzwa mtandaoni bila daktari. Vingine hutafuta hitilafu chache tu, hasa tatu zinazojulikana sana kwa Wayahudi wa asili ya Ulaya Mashariki, ambao kama mmoja kati ya 40 anayo mojawapo. Asiye wa jamii hiyo akiambiwa "hakuna kitu" hajaambiwa lolote.

Binti yangu ana miaka kumi. Nimpime?

Kwa BRCA, hapana. Hakuna tiba wala uchunguzi wa titi unaofanywa katika umri huo, na uamuzi wa kujua ni wake atakapokuwa mtu mzima. TP53 ni tofauti, kwa sababu saratani zake huweza kuwapata watoto na uchunguzi wa mapema husaidia. Jambo moja la wanandoa: baba na mama wakiwa wote na hitilafu ya BRCA2, mtoto anaweza kurithi zote mbili na kupata anemia ya Fanconi, ugonjwa mzito wa damu. Mwenye hitilafu anayetarajia kuzaa azungumze na mwenzake mapema.

Nimekutwa na hitilafu ya BRCA. Sasa nifanye nini?

Kwanza, hujaambiwa una saratani. Una muda wa kufikiri.

Njia moja ni uchunguzi wa karibu. Miongozo mingi hushauri MRI ya matiti (picha inayopigwa kwa sumaku) kila mwaka kuanzia miaka 25, na mamogramu (picha ya eksirei ya titi) kuongezwa kuanzia miaka 30. Uchunguzi hauzuii saratani, bali huikamata ikiwa ndogo.

Njia nyingine ni upasuaji wa kinga. Kuondoa matiti yote mawili hupunguza hatari ya saratani ya titi kwa asilimia 90 au zaidi. Mwigizaji Angelina Jolie, mwenye hitilafu ya BRCA1, aliueleza ulimwengu mwezi Mei 2013 kwamba ameuchagua upasuaji huo, na mwaka 2015 akaondolewa ovari na mirija yake ya uzazi. Ni uamuzi mzito na wa mwanamke mwenyewe, si wa mume, si wa mama mkwe, na si wa daktari aliye na haraka. Wapo waliouchagua wakapata amani, na wapo waliochagua uchunguzi wakaridhika nao.

Kuhusu ovari nitakuwa mkali zaidi. Hakuna uchunguzi unaoaminika wa kuikamata saratani ya ovari mapema, si ultrasaundi wala kipimo cha damu. Kwa hiyo ushauri wa kitabibu ni kuondoa ovari na mirija baada ya kumaliza kuzaa: kati ya miaka 35 na 40 kwa BRCA1, na kati ya 40 na 45 kwa BRCA2. Hedhi hukoma papo hapo, joto la ghafla huja, na usingizi na mifupa huathirika, hivyo yazungumzwe kabla ya kisu. Kwa baadhi ya wanawake, dawa kama tamoksifeni nayo hutumika kupunguza hatari ya titi.

Nimeshaugua. Kupimwa kuna faida gani tena?

Ina faida kwako, si kwa watoto tu. Ipo jamii ya dawa, olaparib ikiwa mojawapo, zinazolenga udhaifu huo huo wa saratani: seli zilizokosa fundi wa BRCA hutegemea njia nyingine za kutengeneza DNA, na dawa hizi huifunga mojawapo, seli ya saratani ikafa. Mwaka 2021 ilionyeshwa kwamba olaparib hupunguza kurudi kwa saratani kwa baadhi ya wagonjwa wenye hitilafu hizi hata wale ambao saratani yao iligunduliwa mapema. Majibu ya kipimo hubadilisha pia mjadala wa upasuaji, kwa kuwa titi la pili nalo lina hatari.

Nimemrithisha mwanangu. Nitajisamehe vipi?

Mama, hukuichagua. Ulipokea bila kuulizwa, kama alivyopokea aliyekupa. Na katika mkono ule ule umempa kitu ambacho bibi yako hakuwa nacho cha kumpa mama yako: taarifa, kabla ya ugonjwa.

Nawaambiaje ndugu zangu?

Ana kwa ana ikiwezekana, na bila kuwalazimisha kupima. Wengine watanyamaza miezi, wengine watakasirika. Waache. Lakini usiishie kuwaambia "nimekutwa na jeni". Wape nakala ya majibu yenye jina la jeni na herufi na tarakimu za hitilafu yenyewe, kwa sababu kwa karatasi hiyo maabara yoyote itajua mahali pa kutazama. Wape na wa upande wa wajomba, na wa upande wa mashangazi. Yako iweke pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto.